Mwendo wa Salamu

Katika mtaa mmoja kulikuwa na mama aliyekwenda dukani kwa gari la mashindano. Tuanzie hapo hapo, maana nikianzia nyuma zaidi utasema natia chumvi, na chumvi yenyewe ndiyo aliyokuwa akiifuata dukani.

Gari hilo lilikuwa gokati, vile vigari vidogo vya kukalia chini, makalio yakiwa shubiri moja tu juu ya lami. Mwanawe alikuwa fundi wa vigari hivyo kwa miaka kumi na tisa, kwenye uwanja ambako watu wazima wenye kazi zao na heshima zao walikuja kukodi ili wazunguke duara na kurudi pale pale walipotoka. Mwezi wa kwanza Fundi aliliona jambo hilo kuwa la ajabu. Mwezi wa pili akazoea. Uwanja ulipofungwa na kugeuzwa maegesho, mwenye uwanja alimwambia achague kigari kimoja, kiwe ukumbusho. Fundi akachagua namba saba, kilichokuwa kimewahi kuingia ndani ya kibanda cha tiketi mara mbili na bado kilikuwa na tabia ya kuvuta upande wa kushoto, kana kwamba kinakitafuta kibanda hicho.

Akakileta nyumbani, akakiegesha uani, akakivua kiti ili akishone. Mama yake, mwanamke wa miaka sabini na minne, alikuwa na magoti ambayo daktari aliyatazama kwenye picha kisha akatazama dirishani. Fimbo aliikataa, akasema fimbo ni ya kuchungia. Kiti cha magurudumu alikikataa pia. "Kile ni cha wagonjwa," alisema. "Mimi si mgonjwa, ni magoti tu yanayoumwa." Asubuhi hiyo alitaka mahali pa kukaa kivulini achambue mchele, na palipokuwa na kivuli palikuwa na kigari, basi akaweka kiti cha meza ya chakula juu ya vyuma vya kigari, akakaa. Alikaa mpaka adhuhuri. Fundi alipotoka kumwita, mama alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Hapa pananifaa," alisema. "Niwashie."

Mtu mwingine angecheka, mambo yakaishia hapo. Fundi hakuwa mtu wa namna hiyo. Alichomelea miguu minne ya kiti kwenye vyuma vya kigari, akaurefusha usukani kwa bomba, akayainua makanyagio kwa vipande vya mbao hadi yalipofikiwa na viatu vya mama. Kilichopatikana kilikuwa kirefu kama kiti cha jaji, na mama alikifanyia mazoezi siku mbili uani, akaangusha nguzo ya kamba ya nguo na banda la kuku. Siku ya tatu akatoka barabarani. Askari wa barabarani alimsimamisha, akamwuliza leseni. Mama naye akamwuliza yeye ni mtoto wa nani, na bibi yake hajambo, na kwa nini amekonda hivi. Askari aliishia kumbebea kikapu.

Kwa hiyo mama alikuwa huru, na mtaa mzima ulifurahi. Sasa tuje kwenye klachi.

Klachi ya vigari hivi haina kanyagio lake. Ni kikombe cha chuma kinachozunguka na ndani yake mna viatu vidogo vilivyofungwa kwa springi. Injini ikizunguka taratibu, springi huvizuia viatu, kigari kinasimama. Injini ikizunguka kwa kasi, viatu hutupwa nje, vinang'ang'ania kikombe, kigari kinakwenda. Shida iko katikati. Hapo katikati viatu havijashika wala havijaacha, vinasugua tu, na vikisugua sana vinapata moto, vinafuka, vinakufa. Dereva wa mashindano hapo katikati anapapita kwa sekunde mbili.

Mama yeye alihamia hapo katikati. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu alikuwa na hoja. "Nikisimama kabisa, nimemtembelea mtu," alisema, "na mtu hatembelewi mlangoni ghafla hata chai hajabandika. Nikipita tu, nina kiburi." Basi hakusimama na hakupita. Alikuwa anasogea. Mguu mmoja kwenye mafuta, mmoja kwenye breki, kigari kikijikokota, na anayesalimiwa akitembea ubavuni mpaka salamu ziishe. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hujambo? Habari za toka jana? Wa nyumbani? Yule wa kukohoa? Mwingine alipokelewa pale pale wa kwanza alipoachia. Kutoka mlangoni hadi dukani ni hatua elfu tatu na mia sita, na mama alizitumia dakika arobaini. Dakika arobaini za kusugua.

Klachi ya kwanza ilidumu siku tisa. Ya pili sita. Ya tatu iliungua mbele ya nyumba ya Mwalimu Mkuu mstaafu, ambaye ukimwuliza habari anakupa habari, kwa mpangilio, na alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye mgongo wake moshi ulipoanza. Ya nne ilikufa njia panda, mchana kweupe. Watu wanane walikisukuma kigari hadi nyumbani, na mama juu ya kiti chake akiendelea kuwasalimia wa upande huu na wa upande ule.

Bahati mbaya siku hiyo Dada alikuwa amekuja.

Dada ndiye mtoto wa kwanza wa mama. Alikuwa mkubwa wa ofisi ya bima upande wa pili wa mji, mtu wa viatu vinavyosikika kabla hajafika. Aliishi kwenye nyumba nzuri katika mtaa wa nyumba nzuri, ambako kuta ni ndefu na barabarani hapiti mtu ila magari yaliyofunga vioo. Alisimama getini akamwona mama yake anavyoletwa.

"Mama yangu anasukumwa barabarani kama toroli la mkaa!" alisema.

"Klachi tu hiyo, dada," Fundi akasema. "Kesho nabadilisha."

"Ulisema hivyo mara ngapi?"

Fundi akahesabu kwa vidole, vikafika vitatu, akavificha.

"Sikiliza," Dada akasema. "Klachi ya tano ikiungua, mama anahamia kwangu. Atakaa mahali pa heshima, atatunzwa. Sitaki mjadala."

"Na huko kwako nitamsalimia nani?" mama akauliza kutoka juu. "Geti?"

Dada alitia pamba masikioni, akaondoka.

Fundi hakupata usingizi mzuri tangu siku hiyo, na sababu yake niiseme bila kuizunguka: alimpenda mama yake na aliogopa kubaki peke yake. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Aliwahi kuoa, miezi minne, na wote wawili walikubaliana kwa roho safi kwamba ni makosa. Toka hapo alikuwa akila na mama, akibishana na mama, akiulizwa na mama kama amevaa fulana ya ndani. Akitolewa huyo ndani ya nyumba, ingebaki redio.

Akajifungia na klachi ya tano. Alijua jambo moja ambalo kila fundi wa vigari analijua: klachi haiungui ikienda kasi. Ikishika, imeshika. Basi dawa ikawa nyepesi mno, mpaka akajicheka kwa kutoiona mapema. Aliweka kipande cha chuma chini ya kanyagio la mafuta, likawa halina katikati. Ama umekanyaga lote ama hujakanyaga kabisa.

"Mama," alimwambia Jumanne asubuhi, "ukikanyaga, kanyaga kweli."

Mama alikanyaga kweli.

Mshona nguo, ambaye cherehani yake iko kibarazani karibu na barabara, aliinuka kama kawaida yake akasema shikamoo. Alichojibiwa ni "Mara—" na vumbi. Mwenye duka alimwona mama akija, akachukua pakiti ya chumvi kabisa mkononi, akamwona mama akienda. Mwalimu Mkuu mstaafu alikuwa amevua kofia. Alibaki nayo mkononi kwa muda mrefu. Mama alifika mwisho wa barabara, akazunguka mti, akarudi kwa kasi ile ile, akiinua mkono kwa kila mtu na kusema nusu ya neno. Klachi ilikuwa baridi kabisa. Fundi aliigusa na kuruka juu kwa furaha, hana hili wala lile.

Kufika saa sita mchana, wajumbe watatu walikuwa wamekaa sebuleni. Hawakutaka maji.

"Tumekuja kwa wema," Mwalimu Mkuu mstaafu alianza, akikunjua karatasi. "Tunataka tu kufahamu, sisi kama mtaa, tumekukosea nini."

"Kama ni ile sketi niliyoibana kiunoni, nitaifumua," mshona nguo akasema, na macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Mimi chumvi nilikuwa nimeishika hivi," mwenye duka akasema, akaonyesha alivyoishika.

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Miaka arobaini na mitatu amekaa mtaa ule na hajawahi kumpita mtu. Alijaribu kueleza habari za klachi, viatu na springi, lakini maelezo yalizidi kuonekana kama ya mtu anayetafuta kisingizio. Mwalimu akaandika "springi" kwenye karatasi yake na alama ya kuuliza. Mwishowe mama aliomba radhi kwa jambo ambalo hakulitenda, wakamsamehe kwa shingo upande, wakaondoka. Naye akaingia chumbani.

"Sitoki tena," alimwambia Fundi kupitia mlangoni. "Heri nionwe mlemavu kuliko nionwe nina maringo."

Hakutoka Jumatano. Alhamisi mwenye duka, ambaye hana siri, alimpigia Dada simu kuuliza kama mama anaumwa. Dada akampigia Fundi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtia Fundi kijasho chembamba. "Nakuja Jumamosi na gari," alisema. "Mfungie mama begi."

Fundi alikaa uani juu ya ndoo, ameshika tama. Kwa wiki zote hizo alikuwa akiuliza klachi inataka mwendo gani. Hakuwa amejiuliza salamu inataka mwendo gani.

Akainuka. Alichukua saa na chaki, akaenda kibarazani kwa Mwalimu Mkuu mstaafu, akamwomba watembee pamoja huku akimsalimia. Mwalimu, ambaye bado alikuwa na kinyongo, alisema atasalimia kwa sababu ni wajibu. Wakatembea, mmoja akieleza mgongo na mwingine akichora mstari wa chaki barabarani kila dakika. Walipofika kona Fundi alirudi akipima kwa kamba. Salamu ya watu wanaoheshimiana, kwa mtu mzima asiye na haraka, inakwenda mita sitini na nane kwa dakika. Alipima na ya mshona nguo, ikatoka sitini na saba, kwa kuwa huyo husimama kidogo kwenye habari za watoto.

Kilichobaki ni hesabu, na alizifanya kwa chaki kwenye ukuta wa jiko. Tairi likizunguka mara moja, kigari kinasogea sentimita themanini na tano. Kwa mwendo wa salamu tairi lizunguke mara themanini kwa dakika. Klachi haishiki vizuri mpaka injini izunguke mara elfu mbili. Kwa hiyo kila tairi linapozunguka mara moja, injini izunguke ishirini na tano. Akatazama kilichokuwepo: gia ndogo ya mbele, ile ya kwenye klachi, ina meno kumi na mawili, na gia kubwa ya nyuma ina sitini. Tano kwa moja. Ilikuwa gia ya uwanja wa mbio. Kwa gia ile, ukitaka klachi ishike sawasawa, lazima umsalimie mtu kwa mwendo wa mwizi anayefukuzwa.

"Mama!" aliita, akakimbilia mlango wa chumba. "Shida si klachi! Shida ni meno!"

Mlango ukafunguka kidogo. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Meno yangu yamefanya nini?"

"Si yako, mama, ya kigari. Nyuma yako sitini, hayatoshi."

"Sitini hayatoshi," mama akasema. "Na mimi nimebaki na tisa na nashukuru."

Akafunga mlango. Lakini Fundi alimsikia akicheka huko ndani, na tangu Jumanne alikuwa hajacheka.

Ili apate ishirini na tano kwa gia mbili tu, ile ya nyuma ingehitaji meno mia tatu, yaani gia pana kuliko mlango wa choo. Lakini tano mara tano ni ishirini na tano. Angeweka ekseli fupi katikati: injini iizungushe ekseli hiyo kwa tano, nayo ekseli izungushe tairi kwa tano nyingine. Ijumaa asubuhi alikuwa kwa muuza vyuma chakavu, yule aliyenunua mabaki ya uwanja.

"Nataka gia ya sitini, ya kumi na mbili, ekseli fupi na beringi mbili," alisema.

"Unatengeneza nini, trekta?"

"Mama yangu."

Muuza vyuma alimtazama, akatafuta vitu bila kuuliza zaidi. Usiku huo Fundi alivifunga vyote, akakihamisha kile kipande cha chuma ili kanyagio la mafuta liishie kwenye mizunguko elfu mbili tu.

Jumamosi saa tatu asubuhi viatu vya Dada vilisikika, kisha Dada mwenyewe akaingia. Begi lilikuwa mlangoni. Mama alikuwa amekaa juu ya kigari amevaa nguo zake za kutokea, maana Fundi alikuwa amempigia magoti dakika ishirini.

"Mpaka dukani na kurudi," Fundi akamwambia dada yake. "Ukiona moshi hata wa sigara, mchukue, sitasema neno."

"Mimi nitatembea hapa hapa pembeni," Dada akasema. "Nione kwa macho yangu."

Fundi akavuta kamba. Injini ikaunguruma, mama akakanyaga, na kelele zikapanda mpaka mbwa wa jirani akaingia ndani. Ilikuwa sauti ya kitu kinachokwenda kasi ya kuua. Kigari kikatoka getini taratibu, kikiwa kimetulia, hakivuti hata kushoto. Mama akautoa mguu kwenye breki akauweka pembeni. Hakuuhitaji tena.

Mshona nguo alipoona kigari kinakuja alijikaza asiinuke. Mama akafika usawa wake.

"HUJAMBO MWANANGU?" mama akapaza sauti, maana bila hivyo husikiki.

"SIJAMBO, SHIKAMOO!"

"MARAHABA! SKETI HAINIBANI!"

Mshona nguo akaruka kutoka kibarazani, akatembea ubavuni akipiga kelele habari za wanawe wote wanne, huku akilia na kucheka. Mwenye duka aliletewa salamu mpaka mlangoni, akampa mama chumvi ile ile ya Jumanne. Mwalimu Mkuu mstaafu alivua kofia, akaanza na mgongo, akaenda mpaka magoti, macho, mwanawe wa kwanza na mirathi ya mjomba, na safari hii akamaliza. Alisema ni mara ya kwanza tangu astaafu kuruhusiwa kumaliza. Fundi alikuwa nyuma, kila hatua ishirini anainama anagusa kifuniko cha klachi kwa kiganja kitupu.

Wakati wa kurudi walipita kando ya ukuta mrefu wa shule. Jumamosi pale hapana mtu. Mama alitazama kulia, akatazama kushoto, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshapata moto, akamgeukia aliyekuwa karibu.

"NA WEWE MWANANGU, HUJAMBO?"

Dada alishtuka. "SIJAMBO MAMA."

"HABARI ZA KWAKO?"

"NZURI."

"MWENZIO?"

"YUPO."

Kwa kawaida hapo Dada angetazama saa, angekumbuka kikao, angeingia kwenye gari. Lakini gari lilikuwa mbali na ukuta wa shule ulikuwa mrefu. Kigari hakikuweza kuongeza mwendo na yeye hakuweza kukiacha. Mama, kama ilivyo desturi yake na kila mtu, alianza mzunguko wa pili.

"HABARI ZA NYUMBANI?"

Hatua tano. Kumi.

"SI NZURI, MAMA," Dada akasema.

Mtu hajibu hivyo. Unaweza kuwa nyumba imekuungulia, utasema nzuri kwanza, kisha ndiyo ueleze moto. Fundi alisahau kugusa klachi.

"NINI?" mama akauliza. "SISIKII!"

"NIMESEMA SI NZURI!" Dada alipiga kelele, na mwanamke yule ambaye ofisini watu husimama akipita alikuwa akipiga kelele mbele ya ukuta wa shule. "MWENZANGU ALIONDOKA TANGU MWAKA JUZI! WATOTO WANAPIGA SIMU JUMAPILI! NAKULA NIMESIMAMA JIKONI, MAMA! SINA WA KUNIULIZA!"

Mwisho wa ukuta, kibarazani, cherehani ilinyamaza. Mtaa wote ulisikia. Mama alitoa mkono mmoja kwenye usukani, akamshika binti yake kiganja, na wakaenda hivyo mpaka nyumbani, injini ikinguruma na Dada akijifuta pua kwa kipande cha mtandio wa mama.

Uani Fundi alizima injini, akabandika kiganja kwenye klachi. "Baridi!" alisema. "Dada, njoo uguse! Baridi kama mtungi!"

Hakuna aliyekuja kugusa.

"Begi langu liko wapi?" mama akauliza.

Fundi alidhani hakusikia vizuri. "Mama, umeshinda. Haikuungua. Hakuna wa kukuhamisha."

"Najua, baba. Umenitengenezea vizuri sana." Mama alimtazama kutoka juu ya kiti chake. "Lakini dada yako hana wa kumwuliza."

Fundi angesema nini? Mimi je? Mtu wa miaka hamsini na mmoja, amesimama uani na spana mkononi, aseme mimi je? Alisema mimi je. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema.

"Wewe una mtaa mzima," mama akajibu. "Na kigari naenda nacho. Siwekwi kwenye gari kama kabati."

Kutoka pale hadi kwa Dada ni kilomita kumi. Kwa mwendo wa salamu ni saa mbili na nusu ikiwa huna unayemfahamu, na mama katika mji ule hakuwa na asiyemfahamu, au hakuwa naye kwa muda mrefu. Waliondoka saa tano. Mbele mama juu ya kiti cha meza ya chakula, nyuma Dada ndani ya gari lake akiwasha taa za hatari, begi kiti cha nyuma, na katikati Fundi kwa miguu, kwa sababu lazima awepo wa kugusa klachi. Askari yule wa barabarani aliwasimamishia malori. Kwenye mzunguko mkubwa walizunguka mara mbili, kwa kuwa mama hakuwa amemaliza na muuza magazeti.

Saa kumi alasiri waliingia kwenye mtaa wa kuta ndefu. Ulikuwa kimya, kisha haukuwa kimya tena. Mlinzi wa geti la kwanza alitoka mbio akidhani ni helikopta.

"HUJAMBO BABA? HABARI ZA TANGU ASUBUHI?"

Mlinzi alitazama nyuma yake kuona anayeulizwa ni nani. Kisha akashika fimbo yake kwapani, akatembea ubavuni mwa kigari geti baada ya geti, akimwambia mama habari za kijijini kwao. Kufika kwa Dada, mageti matatu yalikuwa wazi na watu wamechungulia.

Dada aliingiza begi ndani. Fundi akazima injini, akapiga goti, akaweka kiganja kwenye klachi. Ilikuwa baridi. Miaka kumi na tisa alikuwa ameomba kuikuta baridi, na jioni hiyo, Mungu amsamehe, alitamani ingekuwa imeungua, imekauka, inafuka moshi. Akatazama bolti, zimekaza. Akatazama beringi, zimekaa. Akaivuta cheni kwa kidole na cheni haikusogea.

"Mama," alisema bila kuinua uso, "naona cheni hii kama imelegea kidogo. Labda nipite Jumamosi niitazame."

Mama aliinama taratibu kutoka juu, magoti yakilia, akanyoosha mkono, akaishika cheni. Ilikuwa imekaza kama waya wa nguzo. Akaivuta mara mbili, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Imelegea mno hii, mwanangu," alisema. "Uje mapema."